Mtoto Akililia Wembe: Pikipiki ya Kwanza ya Kijana Wako



Wahenga walituachia kauli kwamba mtoto akililia wembe apewe. Makusudio yao yafahamika: atajikata kidogo, atalia, na ile damu chache itamfunza lile ambalo maneno ya mama yake hayakuweza kumfunza. Ni methali ya haki katika mambo mengi. Kijana akililia biashara asiyoijua, mpe mtaji mdogo apate hasara ndogo. Binti akililia kupika karamu ya watu hamsini, mwache kwanza aunguze sufuria moja ya wali. Lakini upo wembe mmoja siku hizi ambao methali hiyo haiutoshi, nao ni pikipiki ya spoti, ile iliyoinama mbele kama duma anayenyemelea, yenye plastiki za rangi ubavuni na mlio unaotangulia kufika kabla yake. Wembe huo haukati kidole.

Muda wa miaka miwili mitatu sasa, akina mama wamekuwa wakinijia baada ya darsa kuniuliza swali moja kwa sura mbalimbali. Huyu mwanawe amepata kazi na mshahara wa kwanza wote ataka kuutia katika pikipiki. Yule mumewe ameona picha kwenye simu na hazungumzi jambo jingine. Mwingine ni binti yake aliyerudi kutoka chuo kikuu na kusema kwamba naye ataka kujifunza. Aghalabu mama hutaka kutoka kwangu neno moja tu: “Sheikh, mkataze.” Neno hilo ni jepesi kulitamka, ila nimeona vijana waliokatazwa wakinunua kwa siri, wakaificha pikipiki kwa rafiki, wakajifunza usiku bila helmeti kwa kuwa helmeti haifichiki nyumbani. Kwa hivyo leo naomba nafasi nilieleze jambo hili kwa urefu, ili mzazi awe na la kusema zaidi ya “ndiyo” na “hapana”.

Siyasemi haya kama mtu aliyekaa barazani. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekwenda madrasa hii na ile juu ya pikipiki ndogo ya cc 125, kanzu nimeikunja na kuifunga kiunoni isiingie kwenye cheni. Naijua mvua ya masika inapogeuza barabara kuwa kioo, naujua mchanga unaomwagwa na upepo kwenye kona, na nalijua tuta lisilopakwa rangi ambalo humngoja mtu gizani. Vilevile sitawadanganya kwamba jambo hili halina raha. Alasiri jua likishalegea, upepo wa bahari ukikupiga kifuani njia ya Mtwapa, moyo hufunguka. Kijana anayeitaka raha hiyo si mwendawazimu, na tukianza kwa kumwita mwendawazimu hatatusikiliza tena.

Mwaka jana dada yangu mdogo aliniita nyumbani kwake. Yeye ni mjane, ana mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kijana huyu alikuwa amejiwekea akiba kwa miaka miwili, na sasa amepata mtu anayemuuzia pikipiki ya spoti ya cc 600 iliyokwisha tumika, kwa bei iliyomfanya asilale. Dada yangu alinambia maneno machache: “Kaka, akiinunua hiyo, mimi nitakuwa nikilala sikio moja liko barabarani.” Hakuwa akitia chumvi. Miezi minne kabla ya siku ile tulikuwa tumemzika kijana wa mtaani petu, mwenye pikipiki ya namna hiyo hiyo, katika wiki ya tatu tangu ainunue. Helmeti yake ilibaki imetundikwa nyuma ya mlango, kwa kuwa alasiri ile palikuwa na joto na alikuwa akienda karibu.

Niliwaomba wote wawili muhula wa wiki mbili. Kijana asilipe hata shilingi, na mama asitamke neno la kukataza. Wakakubali, nami nikaanza kazi ya kutazama.

Kwanza tufahamiane pikipiki ya spoti ni ipi, kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Pikipiki ya bodaboda tuliyoizoea, ya cc 150 hivi, ina nguvu farasi zipatazo 12, na anayeiendesha hukaa wima kama aliyekalia kiti. Pikipiki ya spoti umbo lake limetoka katika mashindano: usukani uko chini, vikanyagio viko juu na nyuma, mpandaji huinama juu ya tangi la mafuta, na bodi ya plastiki hupasua upepo. Lakini ndani ya umbo hilo moja mna nguvu za daraja mbalimbali. Yamaha YZF-R15 ina injini ya cc 155 na nguvu farasi kama 18. Yamaha YZF-R3 ina cc 321 na nguvu farasi kama 42. Kawasaki Ninja 400 ina nguvu farasi kama 45. Kisha ukipanda kwenye Yamaha YZF-R6, ambayo injini yake ni cc 599, unaruka ghafla hadi nguvu farasi zaidi ya 110. Na YZF-R1 ya cc 998 hukaribia 200. Mama akichungulia dirishani, zote hizo zafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kijana akimwambia “nataka ya spoti”, hajamwambia kitu bado. Swali la kwanza la mzazi ni hili: ya cc ngapi, na nguvu farasi ngapi?

Tofauti hiyo si ya karatasini. Pikipiki ya spoti ya cc 600 huweza kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa ingali katika gia ya kwanza, na kutoka kusimama hadi kufikia mwendo huo huichukua sekunde tatu na ushei. Ni muda wa mtu kutoa salamu na kuitikiwa. Sasa mfikirie mwanafunzi. Mkono wa kulia ndio unaozungusha mafuta, na mkono wa mwanafunzi haujatulia. Akirushwa na tuta, mwili wake utarudi nyuma na mkono utauvuta ule mzunguko bila yeye kukusudia. Kwenye pikipiki ndogo injini italalamika, itasukuma kidogo, naye atashtuka na kuachilia. Kwenye ile kubwa, kabla hajajua kwamba ameshtuka, amekwisha fika palipo na gari la mbele. Breki nazo ni vivyo hivyo. Breki za mbele za pikipiki hizo zimetengenezwa kwa vidole viwili vya mtu mtulivu. Mwanafunzi mwenye hofu huzikamata kwa kiganja kizima, na penye mchanga gurudumu la mbele hukwama, likateleza, naye akawa chini.

Sheria yetu ya Kenya haitamsaidia mzazi sana hapa. Leseni yetu ya pikipiki haimwulizi kijana kama anapanda cc 150 au cc 1000. Akishafaulu, zote ni zake. Nchi za Umoja wa Ulaya zimefuata njia nyingine. Kanuni zilizoanza kutumika Januari 2013 zimeweka ngazi: daraja la A1 ni kwa pikipiki zisizozidi cc 125 na kilowati 11, daraja la A2 ni kwa zisizozidi kilowati 35, ambazo ni kama nguvu farasi 47, kisha ndipo daraja la A lisilo na kikomo. Kijana aliyeingia A2 hukaa hapo miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kupanda. Uingereza nako ngazi ni hizo hizo. (Leseni yetu pia hutumia jina la A2 kwa pikipiki, jina ni moja, maana ni mbali.) Kuwepo kwa ngazi hizo kumewafanya watengenezaji waunde pikipiki nzuri za spoti za cc 300 hadi 500, hivi kwamba anayeanza haambiwi avae nguo ya mtoto. Ninja 400 na R3 niliyoitaja zote zimo ndani ya kikomo hicho cha kilowati 35.

Na sisi watu wa chuoni ngazi hatuionei ajabu. Mtoto huanza kwa herufi na irabu, kisha juzuu ya Amma, ndipo aendelee. Katika fiqhi huanza kwa Safina, akapanda kwa Abu Shujaa, na Minhaj humngojea mbele. Katika nahau huanza kwa Ajurumia kabla ya Alfia. Hakuna mwalimu anayesema kwamba Minhaj ni kitabu kibaya, wala anayedai kwamba mwanafunzi wake ni mjinga. Asemalo ni kwamba kitabu kikubwa kikitangulia, mwanafunzi atahifadhi maneno asiyojua uzito wake. Pikipiki ni hivyo hivyo. Aliyeanza na ndogo hujifunza kuitumia yote: hujua kuinamisha kwenye kona, hujua kubadili gia kwa kusikiliza injini, hujua breki zinakamata wapi na zinaachia wapi. Aliyeanza na kubwa, mwaka mzima hujifunza kuiogopa tu, hutumia robo ya nguvu zake, na siku atakapoacha kuiogopa kabla hajaijua ndiyo siku ya kuombewa dua.

Mpwa wangu alikuwa na hoja zake, nami nilizisikiliza. Ya kwanza ni ile ya kila kijana: “Mjomba, nitaiendesha polepole.” Nilimjibu kwamba kwenda polepole ni ufundi, tena ufundi mgumu kuliko kwenda mbio, kwani pikipiki ikipungua mwendo ndipo inapotaka kuanguka, na mkono unaoweza kuichunga polepole ni ule uliokwisha jifunza. Hoja ya pili haikuwa ya kitoto. Alisema: “Nikinunua ndogo nitaichoka baada ya miezi sita, nitakuwa nimetupa pesa mara mbili.” Hiyo hatukuijibu kwa mawaidha, tuliijibu kwa hesabu. Tulikwenda kwa fundi mmoja tunayemwamini tukamwuliza bei ya tairi, ya cheni, ya bodi ya plastiki na ya kishikio cha breki kwa pikipiki zote mbili. Vipuri vya ile kubwa vingi ilibidi viagizwe ng’ambo, na bodi moja tu ya ubavuni iliyopasuka ilikuwa mshahara wa mwezi. Ndogo ikitunzwa huuzika bila hasara kubwa, kwa kuwa kila mwaka wako vijana wengine wanaoanza. Mwanafunzi ataiangusha pikipiki yake ya kwanza. Hilo si shari bali ni desturi, na busara ni kuangusha kitu ambacho mfuko wako unaweza kukiinua.

Kisha tukaenda kuziona kwa macho na kuzikalia. Nawanasihi wazazi wafuatane na kijana katika hatua hii, kwani tangazo la kwenye simu halina uzito wala kimo. Kwanza, injini ikiwa imezimwa, akae na aweke miguu chini. Nyayo zote mbili zikigusa, au walau vidole vya miguu yote vikikanyaga imara, ni vyema. Msihukumu kimo kwa ukubwa wa injini: kiti cha R3 kiko sentimita 78 kutoka chini, na cha Ninja 400 ni sentimita 78 na nusu, ilhali kiti cha R15, iliyo ndogo kwa injini, kiko juu zaidi, sentimita 81 na nusu. Kwa binti asiye mrefu tofauti hiyo ni kubwa. Pili, ashuke, aisukume kwa kurudi nyuma mahali penye mwinuko kidogo, kama atakavyofanya kila siku kwenye vichochoro vyetu. Tatu, akate usukani hadi mwisho atazame pikipiki inageuka wapi. Nyingi za spoti usukani wake hukata kidogo, na mtaa wa Mji wa Kale hauna nafasi ya kuzunguka mara mbili.

Kwa yule muuzaji wa cc 600, mpwa wangu alifika hatua ya pili. Pikipiki ile na mafuta yake ilikuwa na uzito wa kama kilo 190, na ile ya cc 155 tuliyokuwa tumeiona asubuhi ilikuwa kama kilo 140. Alipoisukuma nyuma ikaegemea upande mmoja kupita alivyodhani. Aliizuia kwa paja, mishipa ya shingo ikamtoka, akaisimamisha. Hakusema neno, nami sikusema. Wakati mwingine kilo hamsini hufanya kazi ambayo khutuba haifanyi.

Fundi wetu naye akamwonyesha mengine yanayomhusu yeyote anayenunua kilichotumika. Nambari ya chesi ilinganishwe na iliyo kwenye logibuku, na umiliki uhamishwe kwa jina la mnunuzi kabla fedha yote haijatoka mkononi. Ncha za vishikio na kingo za vikanyagio zitazamwe. Zikiwa zimesagika, pikipiki imelala chini japo rangi yake ni mpya. Cheni ikaguliwe kwa kutu, kwani hewa yetu ya chumvi haina huruma. Injini iguswe kabla ya kuwashwa. Muuzaji aliyekwisha ipasha moto huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Na tairi zisomwe: ubavuni mna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2219 maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Tairi za ile cc 600 zilikuwa na miaka tisa. Zilionekana nzima, zina meno, lakini mpira wake ulikuwa umekauka kama kwato, na mpira mkavu haushiki barabara yenye maji.

Nilimsomea pia jambo moja ambalo naona kila mzazi alijue. Mwaka 1981 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, wakiongozwa na Harry Hurt, walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza katika eneo la Los Angeles. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa na uzoefu usiofika miezi mitano wa pikipiki ile waliyoanguka nayo, hata kama walishawahi kuendesha nyingine. Walikuta kwamba 92 katika kila mia walijifunza wenyewe au walifunzwa na jamaa na marafiki. Walikuta kwamba nusu ya ajali hizo mwendo ulikuwa chini ya kilomita 48 kwa saa kabla ya hatari kutokea, mwendo ambao mtu huuita wa kawaida. Tena pale pikipiki ilipogongana na gari, mara mbili katika kila tatu ni mwenye gari aliyemkatia njia mwenye pikipiki. Ripoti hiyo ni ya zamani na barabara zile si zetu, lakini mafunzo yake yamesimama: miezi ya mwanzo ndiyo ya hatari, mafunzo ya rafiki hayatoshi, na adabu ya kijana wako peke yake haimkingi na uzembe wa mwingine.

Kwa hivyo fedha ya pikipiki isiwe yote ya pikipiki. Ushauri wangu ni igawanywe mafungu manne, matatu ya chombo na moja la mwili. Fungu la mwili ni helmeti, glavu, jaketi nzito, buti zinazofunika kifundo cha mguu, na ada ya mwalimu. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini iwe helmeti kweli. Tafuta kibandiko chenye herufi E ndani ya duara, alama ya kipimo cha kimataifa, na ikivaliwa na kufungwa ibane mashavu. Ukiishika na kuizungusha, ngozi ya uso ifuatane nayo. Ikipata kishindo kikubwa mara moja, imemaliza kazi yake, haifai tena. Sheria yetu pia yataka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi zenye kung’aa, na abiria awe mmoja tu.

Ikiwa uwezo waruhusu, chagueni pikipiki yenye breki za ABS. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisikwame pale mtu anapokamata breki kwa hofu, na hofu ndiyo hali ya kila mwanafunzi. Nguvu nyingi za injini mwanafunzi hazihitaji hata siku moja. Breki hizo atazihitaji siku ambayo hakuipangia.

Baada ya wiki mbili tulikaa sote kwa dada yangu. Sikutoa hukumu. Nilimwomba mpwa wangu aeleze mwenyewe alichokiona, naye akaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Alisema atachukua ile ya cc 155, na fedha iliyobaki atanunulia helmeti, buti na mafunzo. Kisha akaandika masharti kwa mkono wake: miezi mitatu hatapakia mtu, miezi mitatu hatatoka usiku, barabara kuu ya Malindi haendi mpaka mwalimu wake aseme amefaa, na helmeti haitundikwi mlangoni hata akienda dukani. Ile kubwa wataizungumza tena baada ya miaka miwili. Dada yangu aliisoma karatasi mara mbili, akauliza neno moja tu: “Na hii ikivunjwa?” Kijana akasema ufunguo utarudi kwa mama mwezi mzima. Mkataba ule u hai kwa sababu yeye ndiye aliyeuandika.

Ameanguka mara mbili, zote katika uwanja wa mafunzo, mwendo wa mtu anayetembea. Mara ya kwanza alisahau kuweka mguu chini, mara ya pili alikamata breki usukani ukiwa umekatwa. Zimemgharimu kishikio cha klachi, kioo cha upande na ngozi ya kiwiko. Hapo ndipo nilipoona kwamba wahenga hawakukosea. Wembe apewe, lakini uwe wembe wa kiasi chake, wa kukata kiwiko na mfuko, asipewe upanga. Siwezi kuwaambia kwamba dada yangu sasa hulala fofofo. Husikia mlio ule mdogo ukiingia uani, ndipo akazima taa. Na kijana bado ana picha ya ile kubwa kwenye simu yake. Hayo ndiyo maisha. Tulilolipata ni muda, na kwa mwanafunzi muda ndio mwalimu.

Enyi akina mama na wake, kuna mambo yenu pia. Kiti cha nyuma cha pikipiki ya spoti ni kidogo, kiko juu na kimeinama, wala hakikuundwa kwa mama mwenye kikapu cha soko. Msikubali kupakiwa na mwanafunzi kwa kumwonea haya. Uzito wa abiria hubadili breki na kona zote. Atakapokuwa amekomaa na mkapanda, baibui na mtandio vikusanywe na kufungwa mbali na cheni na gurudumu, na helmeti yenu iwe yenu, si ile iliyolegea ya kuazima. Na kijana akiwa barabarani msimpigie simu ovyo. Atataka kuipokea, kwa kuwa ni nyinyi.

Na siku kijana atakapokuja na picha ya duma wake, msianze kwa machozi wala kwa kiapo. Mwulizeni maswali manne: ya cc ngapi na nguvu ngapi, ina uzito gani, nani atakufunza, na fungu la mwili liko wapi? Asiyekuwa na majibu mpeni muda akayatafute. Mwenye majibu, ongozaneni naye mkaione mchana, pamoja na fundi, na mfuko wa fedha ubaki nyumbani.

Mola awalinde vijana wetu barabarani na awarudishe salama kwa mama zao.